Sala ya Kufungia Mlango

Harufu ya liboke, samaki aliyefungwa kwenye majani akaiva juu ya makaa, humdondosha mate kila mtu wa Kisangani. Mimi inanitoa jasho la aibu. Nisikilizeni niwaambie kwa nini, ila msinicheke sana.

Papa, yaani baba yetu, alikuwa shemasi, na nyumba yetu ilisifika mtaa mzima kwa kusali. Ni kweli tulisali. Lakini Jumapili, tukishatoka kanisani na mama akishatenga liboke na lituma, ile ndizi ya kutwangwa, tulikuwa na sala nyingine. Mtaani kwetu ukimkuta mtu anakula, atakukaribisha, apende asipende. Ukimkuta anasali, unageuka kimya kimya. "Sala ya mtu haikatwi," mama alizoea kusema. Basi viatu vikisikika uani, mama alisukuma sahani nyuma ya pazia, papa akafumba macho, na sisi watoto tukaanzisha wimbo. Mgeni akiondoka, sahani zilirudi. Kwangu huo ulikuwa mchezo mtamu kuliko yote, na mimi ndiye niliyelinda tundu la mlango.

Jumapili moja nikachungulia, nikanong'ona: "Mama Feza iko anakuya!"

Mama Feza alikuwa jirani yetu. Mumewe alikuwa ameshuka mtoni na biashara kuelekea Isangi, akakawia kurudi, na kwao moto haukuwashwa kila siku. Alikuja na binti yake, Feza, tuliyekaa naye benchi moja katika shule ya Jumapili.

"Bon, tuombe," papa akasema. Na lo, siku hiyo aliomba, kwa sababu Mama Feza hakuondoka! Akaombea wagonjwa, akaombea wasafiri wa treni ya Ubundu, akaombea hata wafanyakazi wa uwanja wa ndege wa Bangboka, ambao hatukumjua hata mmoja. Nikachungulia tena. Mama Feza alikuwa amesimama juani, kichwa ameinamisha, macho ameyafumba, akiitikia "Amina" kila papa alipovuta pumzi. Feza hakufumba macho. Alikuwa ameinua pua, anavuta ile harufu. Kisha akatazama tundu, macho yetu yakakutana. Mimi nikafanya nini? Nikaimba kwa nguvu zaidi.

Mwishowe wakaenda zao. Tulikula samaki aliyepoa, na siku hiyo hakuna aliyemsifu mpishi.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, Mama Feza alisimama mbele ya kanisa. "Bandugu, bana bangu balikuwa na njaa. Nikaenda kwa Papa Shemasi kuomba kidogo. Nikakuta beko banasali, nikaona haya kukata sala juu ya tumbo. Nikasali nabo. Sikula, lakini moyo ilishiba. Mungu abariki ile nyumba!"

Kanisa zima likapiga makofi. Papa akainamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu. Mama akawa anafungua mkoba wake na kuufunga. Mimi nilimkodolea macho Feza, nikingoja aseme. Neno lake moja lingetosha kutuvua nguo sote. Feza akatazama chini, akapiga makofi pamoja na wengine.

Jioni ile mama alinituma kwao na beseni la mchele na samaki. Mama Feza akalipokea kwa mikono miwili, akasema Mungu amejibu maombi ya papa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba Feza alinyamaza kwa ajili ya urafiki wetu. Ilibidi niwe mtu mzima, mwenye watoto wangu, ndipo nielewe. Siku ile nyumbani kwetu alisali mtu mmoja tu, naye alikuwa nje ya mlango. Feza alilijua hilo. Hakunyamaza ili atusitiri sisi. Alinyamaza ili mama yake asijue kamwe ni kitu gani alichokiitikia "Amina."