Kamba Niliyomfungia Dada Nje

Dada yangu Sundok, ambaye kanisani tulimwita Agata, tulimzika wiki tatu zilizopita kwenye kilima cha misonobari walipolala baba na mama. Alikuwa na miaka themanini na mitatu. Padre aliniomba niandike kidogo juu ya maisha yake kwa ajili ya kigango chetu cha Songmok, akisema mimi ndiye ninayemjua vizuri. Ninachokijua vizuri ni jinsi nilivyomwacha amesimama nje ya lango langu. Nisipoliandika hilo, mengine yote yatakuwa sifa za mazishini.

Alisomea unesi na ukunga mjini, akarudi na kupewa vijiji kumi na vinne, baiskeli moja na mkoba wa ngozi. Ndani ya mkoba mlikuwa na mkasi uliochemshwa, uzi wa kufungia kitovu, sabuni, na mizani ya kuning'iniza mtoto kama samaki sokoni. Hakuolewa. Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu: kabla ya kuingia nyumba yenye kichanga, alisimama kwanza nje akatazama kamba ya kuanikia nguo. Mama alimwonya, "Sundok, watasema unakagua chupi za wanaume." Dada akajibu kwamba hizo alizichoka siku nyingi.

Mimi kwa upande wangu nilikuwa mtu mkubwa. Mwaka ule wa 1974 nilikuwa na miaka thelathini na tayari nilikuwa mwenyekiti wa kigango, kwa kuwa nilimaliza sekondari na niliweza kusoma masomo ya Jumapili bila kukwama. Padre alikuja mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine waumini walinivumilia mimi.

Kwetu mtoto akizaliwa, baba husokota kamba ya majani ya mpunga, akiisokota kuelekea kushoto, kisha huifunga langoni kwa siku ishirini na moja. Akiwa wa kiume, huchomekwa pilipili nyekundu na vipande vya mkaa. Mgeni havuki, na aliyetoka msibani ndiyo kabisa. Nilihubiri dhidi ya kamba hizo Jumapili mbili mfululizo. "Anayemtumaini Mungu," nilisema, "hahitaji pilipili langoni." Niliipenda sana sentensi hiyo. Jumapili ya pili niliisema mara tatu.

Mwezi wa kumi mke wangu Boksim akajifungua mtoto wa kiume. Wa kwanza alikuwa ametufia siku ya tisa, miaka miwili nyuma. Silisemi hilo kujitetea. Mama ndiye aliyempokea mtoto, maana Dada alikuwa kijiji cha mbali kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu siku mbili. Saa moja haijapita, mimi nilikuwa bandani nasokota majani. Watu wa kawaida huchomeka pilipili tatu au tano. Mimi nilichomeka kumi na nne. Nilijiambia ni kwa ajili ya kuzuia mbwa.

Siku ya nne akafariki Bibi Anna, muumini wetu wa zamani. Kuongoza sala za marehemu ilikuwa kazi yangu, lakini baba mwenye kamba langoni haendi msibani. Nikamtumia Dada ujumbe kwamba tumbo linanikata. Dada akaongoza sala badala yangu kwa siku tatu, akaiosha na maiti, na siku ya mazishi akaja moja kwa moja kwangu, akisukuma baiskeli, kumwona mtoto wa mdogo wake.

Akasimama mbele ya kamba.

"Dongchil, tumbo limepona?"

"Kidogo, Dada."

"Na pilipili zote hizi ndiyo dawa yenyewe?"

Nikatazama viatu vyangu. "Dada, umetoka makaburini. Vumilia tu. Zimebaki siku kumi na nne."

"Asiingie huyo," Mama alisema kutoka ndani. "Ananuka ubani. Yule wa kwanza tuliruhusu kila mtu, tukaona."

"Sijaomba kuingia, Mama," Dada alisema. "Mtoto anaendeleaje?"

"Mpole ajabu," nilijibu kwa fahari. "Halii. Analala kutwa. Mama anasema huyu ni padre."

"Ananyonya?"

"Akiamka."

"Anaamka saa ngapi?"

Hakuwa akinitazama; alikuwa akitazama juu ya bega langu, kwenye kamba ya nguo.

"Nepi za leo ziko wapi?"

"Si hizo hapo?"

"Naona mbili."

"Ndizo zote. Hachafui ovyo, ni msafi."

"Mzee wa kigango, mtoto wa siku saba anayelowesha nepi mbili si mpole wala si padre. Ana njaa. Mlete hapa kwenye jua."

Chumba cha uzazi tulikuwa tumekifanya pango: sakafu imepashwa moto kwa jiko la chini yake, dirisha limezibwa kwa mablanketi ili upepo usimwingie mzazi mifupani. Siku saba nilimtazama mwanangu kwa mwanga wa taa nikamwona mzuri. Nilipomtoa uani, alikuwa wa manjano kama boga.

Dada hakunyoosha mkono kuvuka kamba. "Mbonyeze kifuani kwa kidole, kisha achia. Rangi gani?"

"Manjano."

"Tumboni?"

"Manjano."

"Magotini?"

"Hapo mwekundu."

"Mchape unyayo kidogo. Kidogo, Dongchil, huyo si punda."

Mtoto akalia, kwa sauti nyembamba lakini ya hasira. Dada akashusha pumzi. Kisha akauliza tumempa nini, na Mama akajibu kwamba maziwa ya kwanza walikuwa wameyakamua na kuyamwaga, maana yalikuwa mazito na machafu, na tangu hapo mtoto anapewa maji ya sukari kwa kijiko.

"Dada, vuka tu," nilisema. Nikaishika kamba kweli, niifungue. Mkono ukakataa. Nilimkumbuka yule wa siku ya tisa, na mahubiri yangu yote mawili yasinisaidie kitu. "Siwezi," nikamwambia.

"Nani kakuambia ufungue?" alisema. "Una masikio, una mikono. Mimi nitasema, wewe utafanya."

Basi akafanya kazi yake akiwa barabarani. Alimwita Boksim aje hadi barazani na blanketi lake, akamwelekeza kwa maneno namna ya kumshika mtoto, kidevu kiguse titi, mdomo ufunguke kabisa. Aliamuru mablanketi yatoke dirishani. Maji ya sukari yakamwagwa. Kila baada ya saa mbili mtoto avuliwe nguo, apanguswe nyayo kwa kitambaa chenye maji mpaka akasirike, anyonye, na yanayobaki yakamuliwe apewe kwa kijiko kilichochemshwa.

"Kesho asubuhi nakuja," aliniambia. "Nataka nepi sita mbichi kwenye ile kamba. Zikipungua, hii yako naikata kwa meno, tunampeleka hospitali ya wilaya. Na wewe utabaki na pilipili zako."

Nilipewa kazi ya saa na ya kufua. Hakuna mwanamume wa Songmok aliyewahi kufua nepi, na aliyeniona akiwa na ndoo angedhani nimefiwa na mke. Kulipokucha zilikuwa tano. Hapa nakiri jambo ambalo hata padre sijamwambia: nilichukua nepi ya sita, kavu, nikaitazama, nikaitazama na ndoo ya maji. Niliirudisha. Si kwa uadilifu. Nilimwogopa Dada kuliko nilivyomwogopa Mungu.

Alifika mapema, macho mekundu. Akahesabu.

"Tano."

"Tano, Dada. Na nilitaka kuilowesha ya sita mwenyewe."

"Ungeilowesha, ningekuamini," alisema, "na ningerudi nyumbani."

Akaegemeza baiskeli, akaanza kukunja mikono ya sweta. Nilielewa anakuja kuikata kamba. Ndipo Boksim akatokea barazani akiwa ameinua kitambaa kinachodondoka maji.

"Wifi, ya sita hii hapa," alisema. "Na sketi yangu ameimaliza."

Dada yangu, aliyekuwa amezalisha vijiji kumi na vinne bila kupepesa macho, alikaa chini barabarani, akauficha uso nyuma ya mkoba wake.

Aliendelea kuja kila asubuhi. Mimi nilipiga magoti upande wangu wa kamba, yeye akichuchumaa upande wake, kama kwenye kiti cha maungamo, na nilipoanza kumweleza ninavyojuta alinikatiza: "Dhambi zako mpelekee padre. Mimi nipe nepi." Saba. Tisa. Kumi. Manjano yakaanza kufifia. Siku ya ishirini na moja niliifungua kamba, na wa kwanza kuvuka alikuwa yeye, mizani mkononi.

Mtoto huyo ni Taesop. Ana miaka hamsini, anauza majokofu mjini, na hanyamazi. Ndiye aliyeshika mbele ya jeneza.

Kwenye mkesha wa Dada niliongoza sala mwenyewe. Katikati nikaona si haki kuendelea bila kusema. Nikawaambia waombolezaji kwamba kwenye msiba wa Bibi Anna sikuumwa tumbo. Niliwadanganya, na Agata akabeba kazi yangu.

Bibi Yuliana, ambaye sasa ana miaka tisini, aliinua kichwa kutoka kwenye rozari yake, akaniita kwa jina langu la kanisani.

"Tulijua, Bartolomeo. Ile kamba yako ilionekana tangu barabara kuu."

"Kwa hiyo Dada hakuwaambia naumwa?"

"Alituambia wewe ndiye uliyejifungua," Bibi Yuliana alisema, "na kwamba uzazi ulikuwa mgumu, tukuombee. Tukakuombea. Haya, endelea na litania."

Nikaendelea.