Patron na Jiwe la Kijani

Mama Akram anauza samaki wafu mchana kutwa katika soko la Manika, hapa Kolwezi, halafu jioni anarudi nyumbani kumuuguza mmoja aliye hai. Ndivyo watu wa avenue yetu wanavyomcheka. Jina lake ni Zena, ukoo wake ulitoka Kasongo na biashara ya malori, lakini kwetu kila mtu anamwita kwa jina la mtoto wake. Akifika nyumbani anavua viatu, anakaa kwenye kigoda na kuzitazama nyayo zake kama dereva anayetazama tairi zilizokwisha. Ndipo anamgeukia Patron.

Patron ni samaki wa rangi ya machungwa, urefu wake kidole changu kimoja. Anakaa ndani ya sanduku la vioo, pale pale sebuleni, karibu na televisheni. Mwenye samaki ni Akram, mtoto pekee wa Mama Akram. Zamani Akram alikuwa akifagia kiwanja cha mgeni mmoja wa kampuni. Mgeni aliporudi kwao aliacha sanduku nje ya geti, na samaki ndani. Akram akalibeba mpaka nyumbani, samaki kwenye chupa, akamwita Patron kwa sababu anakula bila kufanya kazi.

Kisha Akram akaenda kuchimba madini upande wa Fungurume.

"Mama, unilindie Patron," alisema siku ile. "Nikirudi nimukute."

Sasa ni miezi saba. Akram hupiga simu akipata réseau, na baada ya salamu swali lake ni moja: "Patron iko?" Mama Akram anajibu: "Iko." Hapo wanaongea dakika mbili, tatu.

Siku moja mimi, jirani yake, nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivi. Alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba.

"Naomie, kijana wa miaka makumi mbili hapige simu juu ya kuuliza mama yake. Anauliza samaki. Sasa samaki ikikufa, atauliza nini?"



Na kazi yenyewe si ndogo. Maji ya bomba yanatoka asubuhi, siku mbili kwa wiki. Anajaza ndoo, anaiacha wazi siku nzima ili ile harufu ya dawa iondoke, maana maji mabichi ya bomba yanamuunguza samaki. Kila siku mbili anatoa theluthi ya maji ya zamani, anavuta uchafu wa chini kwa kipande cha mpira wa petroli wa pikipiki, anaongeza maji ya ndoo polepole. Kuna pampu ndogo ya kutia hewa, lakini courant, yaani umeme, ikikatika nayo inakufa. Basi anachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, mara ishirini, mara thelathini, hewa iingie. Niliwahi kumkuta amesinzia kabisa, kikombe mkononi, na mkono bado unaenda.

Mwezi wa pili tangu Akram aondoke, dereva wa basi la Fungurume alileta kifurushi. Ndani mlikuwa na jiwe la kijani, kubwa kama ngumi, lenye duara ndani ya duara. Kolwezi nani hajui jiwe la shaba kama lile? Kwetu linazuia mlango usipigwe na upepo. Lakini hili Akram alilitoa shimoni kwa mkono wake. "Ni nyumba ya Patron," alisema kwenye simu.

Mama Akram alilitia ndani siku ile ile. Wiki moja haikuisha, ule utelezi wa kijani uliokuwa ukishika vioo ukapotea wenyewe.

"Unaona?" aliniambia. "Mutoto iko mbali, lakini ananisaidia kusugua."

Tangu hapo kila Jumamosi alilitoa, akalipaka ndimu na kulisugua kama bibi yake alivyosugua masinia ya shaba, mpaka likang'aa. Kisha alilimwagia maji kidogo, akalirudisha.

Kisha Patron akaugua. Mapezi yakajifunga mwilini, akawa anapanda juu kuvuta hewa kwa mdomo, ngozi ikavaa ute mweupe, chakula akakiacha kikielea. Mama Akram akamhamishia kwenye beseni, maji ya ndoo na kijiko cha chumvi ya mawe. Siku ya tatu mapezi yakafunguka, akala. Jumamosi akamrudisha kwenye sanduku. Jumapili yuko juu tena, mdomo wazi.

Ikawa hivyo mara tatu. Alipunguza chakula. Aliongeza kubadilisha maji, maana yake ndoo zaidi, mgongo zaidi. Tshibola, anayeuza sombe, majani ya muhogo, meza ya pili kutoka yake sokoni, alipita kumtazama mgonjwa.

"Yee, Mama Akram, huyu umukaange tu! Mafuta mi natoa."

"Kaanga bwana yako, Tshibola. Yeye ndiye amenona."

Walicheka, lakini Mama Akram aliacha kucheka mapema.

Jumamosi ya nne nilikuwa nimemshikia beseni jingine, tupu, wakati anasugua jiwe. Maji ya ndimu yalianguka ndani yakiwa na rangi, bluu inayoenda kijani, nzuri kabisa.

"Mama, hii rangi inatoka wapi?"

"Ni buchafu."

"Buchafu ya bluu?"

Aliendelea kusugua. Mimi mdomo wangu haujui kukaa. Nikasema, "Mama, Patron anapona kwenye beseni. Na kwenye beseni hakuna jiwe."

Akaacha kusugua. "Unataka kusema nini? Mutoto wangu ananitumia sumu?"

 Nikatafuta neno lingine lolote la kusema. Nikamuuliza ndakala zake za wiki hii, wale dagaa anaouza, zimetoka wapi.

"Ziwa ya Moero. Zitoke wapi?"

"Hapa kwetu hazitoki?"

"Hapa? Zamani, ndiyo. Kule mutoni, chini ya daraja, balikuwa banavua, mi mwenyewe nilinunua kwao, nikiwa musichana. Tangu baanze kuosha mawe mule, nani atavua tena? Na maji ni safi, weye! Unaona mpaka chini, hata jani moja haiko, lakini samaki..."

Akakwama hapo. Aligeuka kutazama sanduku. Vioo vilikuwa safi. Maji yalionekana mpaka chini.

Akaliinua jiwe kutoka mapajani, kitenge chake kimelowa, akaliweka mezani.

"Lete ndoo," alisema. "Zote."

Tulimwaga maji yote, tukaosha changarawe mara sita, tukasugua vioo. Kila akiinama alisema "Ya Allah" kwa sauti ndogo, na mimi nilihesabu kwa malengelenge ya viganja vyangu ndoo tulizobeba. Patron alikaa kwenye beseni wiki nzima. Tulipomrudisha, bila jiwe, Jumapili ilipita, Jumatatu ikapita. Jumatano vioo vilianza kushika utelezi wa kijani, na Patron akawa anaulamba.

Alhamisi simu ikalia. Mama Akram aliniashiria ninyamaze.

"Patron iko?" sauti ya Akram ilisikika mpaka kwangu.

"Iko."

"Na jiwe? Anaipenda?"

Alinitazama. Jiwe lilikuwa mezani, nje ya sanduku, limegusa kioo. Patron alikuwa upande ule ule, anapiga mkia polepole.

"Anaipenda," akasema. "Analala pembeni yake."

Akram alicheka. Akaanza kusimulia mambo ya kule, mvua, shimo, rafiki aliyeumia mguu. Dakika nne, nilitazama saa ya ukutani. Hakuwahi kufikisha nne.

Mama Akram alipoweka simu chini, courant ilikatika. Akavuta kigoda, akachukua kikombe.

"Mama, nipe mimi."

"Acha," alisema, akaanza kuchota. "Kesho utanisaidia na ndoo."