Mpunga Ulioliwa kwa "Ndiyo, Afande"

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka natamani kujizaba kofi. Leo umenikumbusha wewe na hizo karatasi zako. Umetoka chuoni mpaka hapa dukani kwangu, soko la Zhanxi huku Uchina, umekaa juu ya katoni ya viatu, unataka habari za majeshi ya zamani yaliyochunguza vitu visivyojulikana angani. Umesikia nilikuwa askari. Vizuri. Lakini maswali gani haya, jamani? "Je, kitu kilikuwa cha duara? Ndiyo au hapana." "Je, kiling'aa? Ndiyo au hapana." Arobaini, yote hivyo hivyo! Hata laoban, bosi wa duka la jirani, ukimuuliza kama kiatu chake ni ngozi halisi atakwambia ndiyo.

Funga kalamu unisikilize. Na usogeze miguu, mkokoteni unapita.

Nilikuwa karani wa kambi, kijana, cheo sina lakini maringo ya jenerali. Ikaja habari kwamba mkulima mmoja wa Rufiji, Mzee Shomari, ameona kitu cheupe kikishuka angani asubuhi. Kapteni wetu akanituma nikachukue maelezo. Mimi nilishasoma magazeti ya sahani zinazoruka, basi nikaenda na majibu yangu kichwani.

"Mzee, kilikuwa cha duara?"

"Ndiyo, afande."

"Kikang'aa?"

"Ndiyo, afande."

"Kikaangukia shambani kwako?"

"Ndiyo, afande."

Mzee wa watu alisimama wima, kofia mkononi. Angempinga vipi mtu mwenye magwanda? Sikuliona hilo. Nikapiga taipu kurasa nne, tena kwa raha zangu.

Kwa kurasa zile shamba likazungushiwa kamba, marufuku mtu kuingia mpaka wataalamu waje. Na mpunga umeiva, mwanangu! Ndege wakashuka makundi kwa makundi. Mzee, mkewe na wajukuu wakasimama nje ya kamba wakirusha mawe, hayafiki. Siku tisa. Chakula chao cha mwaka mzima kile.

Siku ya kumi akaja Kapteni mwenyewe. Akavua kofia, akaketi chini vumbini, akasema, "Mzee, hebu nisimulie." Kisha akanyamaza.

Mzee akasimulia. Kilikuwa puto kubwa jeupe, limepasuka, lina kamba na kijisanduku. Lilinasa kwenye mti ng'ambo ya mto, wala si shambani kwake. Mkewe alilichukua akaezekea banda la kuku. Tukaenda kuliona. Puto la watu wa hali ya hewa!

"Sasa mbona uliniambia limeangukia shambani?" nikafoka.

"Ulisema wewe, afande. Nikajua wewe ndiye unayejua."

Kapteni hakunigombeza mbele yake. Njiani ndipo aliponiambia, "Yule mzee hukumuuliza kitu. Ulimwamrisha. Kesho rudi ukamwombe radhi, na usiende na karatasi."

Sikwenda. Niliona aibu, nikajidai naumwa, mwezi uliofuata nikahamishwa. Mpaka leo sijakwenda, na Mzee Shomari alishafariki.

Kwa hiyo chana hizo karatasi, mwanangu. Chana, nakuona unazificha mkobani! Wazee utakaowaendea watakuona msomi wa Uchina, nao watakukubalia kila kitu kwa adabu tu, kisha utaandika uongo na muhuri juu yake. Kaa chini kuliko wao. Sema "nisimulie," halafu ufunge mdomo hata kimya kikikuwasha.

Nimeona kwenye orodha yako unakwenda Rufiji likizo hii, na kijiji chenyewe ni kile kile. Watafute wajukuu wa Mzee Shomari. Kabla hujawauliza lolote, waambie yule karani anaomba radhi kwa mpunga wao. Wakikutukana, sikiliza mpaka mwisho, uje uniambie walivyosema.

Mungu akufikishe salama, akupe masikio mapana kuliko mdomo, na usizeeke na radhi usiyoiomba kama mimi. Haya, niulize upya.