Filta Mbili za Rukiyo

Saa moja asubuhi, Dadaab. Rukiyo Shirwa amesimama mbele ya boneti iliyo wazi, filta moja ya hewa mkono huu, nyingine mkono ule. Ya karatasi ni mpya na haina mbwembwe. Nyekundu ni ya pamba, huoshwa na kupakwa mafuta, na dukani iliuzwa kwa sifa za magari ya mashindano.

Msafara wa Garissa unakaribia kuondoka. Mabasi yamejipanga mbele, malori katikati, magari madogo mkiani. Askari wa kulinda msafara wanamalizia kukagua vitambulisho, na hao hawamsubiri mtu.

Nyuma ya gari la Rukiyo, Hilux kuukuu, mwenzake wa kazini Diba Sharamo anafunga turubai juu ya mitungi ya maziwa ya ngamia. Ni ya wanawake wafugaji wanaomwamini Rukiyo kuyafikisha sokoni kabla hayajaharibika.

"Abaayo, chagua," Diba anamhimiza, akimwita dada kwa Kisomali. "Hawa watu wanaondoka."

"Nachagua nini? Hii inaniacha njiani. Hii inaua injini. Wallahi, nimechoka."

Hajitafutii huruma. Mwezi uliopita, akiwa na filta ya karatasi, gari lilianza kuishiwa nguvu katikati ya safari. Gari la mwisho hula vumbi la wote walio mbele, na filta ilikuwa imeziba. Alikanyaga mafuta mpaka mwisho, likatoa moshi mweusi na kujikokota tu. Msafara ukatokomea.

Hiyo ni barabara ambayo, kwa hofu ya kushambuliwa, hakuna anayeipita peke yake kwa hiari. Rukiyo, mjane wa miaka arobaini na sita, na mwenzake Diba walijifungia ndani ya gari, wakisoma kila dua waliyoijua.

"Niliona pikipiki inakuja na watu wawili. Nikamwambia Diba, yamekwisha," anasimulia. "Kumbe ni wachungaji, wanatafuta ngamia yao imepotea. Nililia mbele yao kama mtoto."

Vijana hao waliikung'uta filta vumbi, gari likapata pumzi ya kufika Garissa. Maziwa yalikuwa yameshaharibika.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Hamze, muuza spea, anayemwita habaryar, yaani mama mdogo. "Habaryar, gari yako inakosa hewa," Hamze alimwambia akimkabidhi ile nyekundu. "Funga hii, utapita hata basi."

Hakudanganya. Hilux ilichangamka, na wiki nzima Rukiyo hakuachwa. Kisha fundi wake, Bare, akafungua bomba linalopeleka hewa kwenye injini na kupitisha kitambaa cheupe ndani. Kilitoka na rangi ya barabara.

"Vumbi inapita," Bare alisema. "Hii ni ya watu wa lami. Hapa kwetu injini inasagika. Miezi mbili, tatu, unazika."

Injini nyingine ataitoa wapi? Siku njema, baada ya dizeli na malipo ya wafugaji, hubaki na shilingi elfu mbili za kulisha na kusomesha watoto wanne.

Filimbi inalia. Rukiyo anaitumbukiza filta ya karatasi mahali pake, anabana vibano, anafunga boneti kwa kishindo. Diba anapanda huku akiguna, akijua wanarudi kulekule mkiani. Lakini Rukiyo anaendesha kando ya foleni yote, anayapita malori, anayapita mabasi, na kusimama nyuma tu ya gari la askari.

Honi zinalia utadhani ni harusi. Zakariye, dereva wa basi la kwanza, anatoa kichwa dirishani. "Mama Maziwa, umepotea njia?"

Kamanda wa msafara anakuja, uso ameukunja. Rukiyo anashuka na kumnyooshea kitambaa cha Bare, ambacho amekuwa akikiweka kwenye dashibodi.

"Afande, angalia. Hii ni vumbi ya nyuma. Gari yangu haina ugonjwa. Shida ni mahali mnaniweka."

"Mama, ukikwama hapa mbele utatusimamisha sote."

"Ndiyo maana nimekuja hapa." Anaonyesha mkiani kwa kidole. "Nikikwama nyuma, hakuna mtu anajua. Nikikwama hapa, hakuna mtu anapita bila kuniona."

Kamanda anakigeuza kitambaa mkononi. Hata Zakariye ameacha kupiga honi.

"Leo tu," kamanda anasema hatimaye.

Msafara unaondoka. Njia nzima Rukiyo anaisikiliza injini, macho kwenye gari la askari, na kila mchanga unapokuwa mzito Diba anashika mlango kwa mikono miwili. Gari halikati pumzi. Garissa, Bare anapitisha kitambaa kingine ndani ya bomba, nacho kinatoka safi. Maziwa yanakwisha kabla ya adhuhuri.

Sasa Rukiyo anataka kuwakusanya wenye magari makuukuu waende pamoja kwa kamanda, waombe kutangulia kila siku. "Gari mzee iende mbele," anasema. "Mwenye nguvu anaweza kungoja kidogo."

Diba, akisafisha gari, anaiona filta nyekundu chini ya kiti. Anauliza kama airudishe kwa Hamze.

"Iache hapo," Rukiyo anamkataza. "Kesho wakinirudisha nyuma, nitaifunga."

"Na injini?"

Rukiyo anainua mtungi mtupu, anaupakia, anaufunga kwa kamba.

"Afadhali ife injini kuliko sisi."