Nilimwita dada wa watu tapeli kwa sababu ya kijiji cha Ujerumani kilicho katikati ya Uswisi

Wakuu, heshima kwenu.

Ninachoandika hapa sijakitia chumvi. Ningekuwa mtu wa kutia chumvi ningejiweka vizuri kidogo, maana anayeaibika humu ni mimi.

Mimi ni mtoto wa Tandika, niko Guangzhou mwaka wa sita. Nanunulia watu bidhaa. Vitambaa natoa soko la Zhongda, viatu soko la Zhanxi, wateja wangu wengi wako Kariakoo na Unguja.

Siku moja akanipigia dada mmoja Mzanzibari, Mwanaisha. Namba yangu alipewa na binamu yake anayefanya biashara hapa hapa Guangzhou. Ameolewa na Mjerumani, anaishi huko huko Ujerumani, na binti yake alikuwa anaolewa. Alitaka magauni ishirini ya sare.

Rangi ilituchukua wiki. Nilizunguka Zhongda na simu mkononi namuonyesha zambarau moja baada ya nyingine. "Hiyo imepauka, mdogo wangu. Nataka ya kuiva." Nilikuwa sijui kama zambarau ziko nyingi kiasi kile.

Magauni yakashonwa, yakapendeza. Nikaomba anwani.

Ikaja anwani moja yenye namba mbili za posta. Moja ya Ujerumani, moja ya Uswisi. Namba ya simu ya Uswisi. Malipo yalikuwa yametoka benki ya Uswisi.

Nikampigia. "Dada, wewe uko nchi gani hasa?"

"Nipo Ujerumani. Lakini kwenye makaratasi ya forodha andika Uswisi."

Wakuu, hapa mjini ukisikia sentensi kama hiyo unashika pochi. Kwangu ilikuwa red flag.

Nikaenda kwa mama wa Kichina anayetusafirishia mizigo. Tunamwita Laoban, yaani bosi, na Kiswahili cha biashara anacho. Akasoma anwani mara mbili, akatikisa kichwa.

"Meiyou, rafiki. Hakuna. Mji mmoja, nchi moja."

Nikamwona ana akili. Nikafuta mstari wa Uswisi, nikaandika Ujerumani tupu. Dada sikumwambia.

Boksi likafika Ujerumani, forodha ikalipiwa, likapelekwa mpaka mji wa jirani na kwake. Likakaa. Tracking ikasema limerudishwa ghalani, anwani haikufikika. Harusi ilikuwa imebaki siku tano.

Dada akapiga. "Uliandika nilivyokwambia?"

"Niliandika," nikasema.

Nilidanganya, wakuu. Na kwa sababu nilishadanganya, ikabidi mwenye makosa awe yeye. Nikaingia kwenye group letu la wafanyabiashara, nikaweka namba yake na maneno haya: "Jihadharini na huyu mama, anatoa anwani za uongo."

Wa kwanza kujibu alikuwa Njoroge, Mkenya wa viatu pale Zhanxi. Huyu anafuatilia mpira mpaka ligi ambazo wachezaji wenyewe hawazifuatilii.

"Buda, futa hiyo kitu haraka. Hiyo place iko. Timu yao ni ya Ujerumani lakini inacheza ligi ya Uswisi."

Akanitumia location. Nikaifungua, nikavuta ramani karibu.

Kijiji kinaitwa Büsingen, kiko kando ya mto Rhine. Mstari wa mpaka umekizunguka chote. Ni Ujerumani, lakini pande zote ni Uswisi. Kutoka hapo hadi Ujerumani nyingine, pale palipo karibu zaidi, haifiki kilomita moja, na hicho kipande cha katikati ni nchi ya watu.

Nikasoma zaidi. Zamani wanakijiji walipiga kura wahamie Uswisi, karibu wote wakakubali, na serikali hazikuelewana. Wakabaki. Polisi wao ni wa Ujerumani, ila dukani wengi wanatumia faranga za Uswisi. Na kiforodha kijiji kinahesabiwa Uswisi. Yaani kama dada alivyosema, neno kwa neno.

Nikafuta ujumbe. Wapi, binamu yake yumo kwenye group na alishapiga screenshot.

Nilipompigia dada hakuitikia salamu. "Sema," akasema.

Nikasema yote. Kwamba nilifuta mstari, kwamba nilimdanganya, kwamba nilimtangaza.

Akasema: "Mie mwenyewe, mume wangu aliniambia tunakwenda Ujerumani. Tukashuka Zurich, tukapanda treni ya Uswisi, bendera za Uswisi njia nzima. Nikajua nishauzwa. Nililia mpaka mlangoni kwake. Kutoamini kwako sikulaumu. Kunitangaza, hilo nakulaumu."

Nikamwomba radhi. Nikaandika invoice upya usiku ule ule, safari hii na Uswisi, nikamtumia.

Yeye na mumewe wakaenda na gari hadi lile ghala. Ili magauni yatoke Ujerumani yaingie Ujerumani, yalihitaji karatasi za kuyatoa Ujerumani, kisha dirisha la forodha ya Uswisi. Karatasi zilichukua siku zake.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Magauni yalifika nyumbani Jumanne iliyofuata, harusi imeshapita.

Wiki iliyofuata nikatumiwa picha. Wanawake ishirini bustanini, zambarau imeiva kweli kweli, wamejipanga kama kwenye sherehe. Bibi harusi hayumo, alishasafiri na mumewe. Chini dada kaandika: "Yametukaa vizuri."

Picha hiyo niliiweka kwenye group lile lile, na maelezo ya nilichofanya. Njoroge aliweka dole gumba. Binamu hajanisalimia hadi leo.

Nilichojifunza: mteja akikueleza kwao palivyo, andika kama alivyosema, hata kama haikuingii akilini. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla hujaanza kutafuta wa kumbebesha.

Haya, uwanja ni wenu, mnaotaka kunichana nichaneni. Na kama kuna mdau anaijua anwani nyingine ya namna hii duniani, aiandike hapa. Nitaituma mizigo hivyo hivyo, bila kuuliza.