Siku Niliyompeleka Kobe wa Baba Ziwani

Baba alimwokota kobe yule shambani kwetu Butiama, plau ilipomfukua pamoja na udongo. Alimfuga miaka ishirini na kidogo. Asubuhi alimpa majani ya viazi, mchana alimwacha azurure migombani, na wageni walipokuja alimwinua kuwaonyesha tumbo lenye bonde. "Dume hilo," alisema. "Jike tumbo lake limenyooka." Watoto wa jirani walipotaka kumtoboa gamba wamfunge kamba, baba aliwafukuza kwa fimbo. Gamba si kopo, aliwaambia, ni mifupa yake, na ukimgusa hapo anasikia.

Baba alipofariki, mama alihamia Bunda kwa kaka yangu. Kwa kaka kuna mbwa wawili wakali, kwa hiyo kobe nikapewa mimi. Mimi nimepanga Mukendo, katikati ya Musoma, chumba na sebule, na uani ni saruji kutoka ukuta hadi ukuta.

Kila Jumapili mama alitoka misani na kunipigia simu. Kabla hata ya kuniuliza mimi naendeleaje, aliuliza, "Kobe anakula?"

Hakuwa anakula. Nilimletea mchicha, nikamletea tikiti, nikamletea majani ya viazi yaleyale. Aliyapita. Kutwa alitembea kandokando ya ukuta akikwaruza kwa kucha, hadi pua ikachubuka, na mpangaji wa chumba cha pili akaanza kunigongea mlango kwa sababu ya kelele. Leo najua alikuwa anatafuta udongo. Wakati ule niliona tu mnyama anayetaka kutoka, na mimi nilikuwa nimechoka. Hilo nalisema wazi, maana watu hupenda kunifariji kwamba nilifanya kwa upendo. Upendo ulikuwepo. Uchovu ulikuwa mwingi zaidi.

Jirani yangu anaanika dagaa ufukweni, mwanamke mwenye roho safi. Alimtazama akikwaruza, akatikisa kichwa.

"Dada, unamtesa huyu. Hawa wanakaaga majini. Kwetu wananaswaga kwenye nyavu, tunawatoa tunawarudisha. Mpeleke kwao."

Nilikua pamoja na kobe yule. Sikuwahi kumwona akiingia hata kwenye dimbwi. Mvua ikinyesha alijichimbia chini ya migomba. Yote hayo niliyajua, na bado niliitikia, kwa sababu ushauri wa jirani ulinitua mzigo. Nikambeba ndani ya beseni, nikaenda na jirani hadi ziwani, penye mawe. Nikamweka majini kwa mikono yangu. Alipiga miguu, akaelea, upepo ukamsukuma mbele, na jirani yangu akapiga vigelegele. Nami nilicheka. Nilirudi nyumbani nikafua mashuka, nikiona nimetenda jambo ambalo baba angelisifu.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja siku ya tatu. Jirani alinifuata asubuhi amejiziba mdomo kwa kanga, akanishika mkono hadi kwenye magugumaji. Kobe alikuwa amekwama humo, shingo imelegea nje, ambayo alipokuwa hai hakupenda kuitoa mbele ya mgeni. Jirani alimshika mguu, ule mguu mnene ulioumbwa kwa kukanyaga nchi kavu.

"Wa kwetu wana utando kwenye vidole," alisema taratibu. "Na gamba lao ni bapa. Mungu wangu, dada, huyu hakuwa wa maji." Akakaa chini kwenye mchanga akalia, nami nikabaki nimesimama, nikijua kosa halikuwa lake peke yake. Tulimzika nyuma ya vichanja vya dagaa.

Jumapili ile mama alipiga. "Kobe anakula?" Nikasema anakula. Jumapili iliyofuata nikasema anakula mchicha. Uongo ukanenepa; nikamwambia pua imepona, nikamwambia amezoea uani. Mama alifurahi, akataka kujua anapenda kulala upande gani, nami nikamchagulia upande. Nilifanya hivyo miezi minne.

Kisha akasema anakuja Musoma kumwona. Nikashindwa kuendelea na uongo. Nilimweleza yote kwenye simu, beseni, mawe, vigelegele, nikasubiri anitukane. Nilitamani anitukane.



"Sijakasirika, mwanangu," alisema mama. "Ila baba yako siwezi kumpigia nikamuuliza amekula nini. Ndiyo maana nilikuwaga nauliza za kobe."

Siku hizi anapiga Jumapili, ananiuliza habari za kazi, kisha tunakaa wote wawili na simu masikioni, hakuna mwenye la kuuliza.