Mashine Iliyomnyang'anya Mkwe Wangu Spana

Kijiko kilikuwa kinagonga kikombe. Ti-ti-ti-ti. Hakuna anayekoroga chai namna ile kabla ya alfajiri.

Nikaenda jikoni. Binti yangu alikuwa amekaa gizani, na hakuwa anakoroga kitu. Ni mkono tu uliokuwa unatetemeka.

Nikawasha taa. Mdomo umepasuka, jino la mbele halipo.

"Usiniulize kanipiga na nini, mama. Nimeruka ukuta."

Nikachemsha maji, nikamkanda. Mume wake, fundi magari, alishamwambia waziwazi: ukitoka tena kwangu, nakuua. Na yule si mtu wa maneno matupu.

Sasa sikilizeni, wajukuu zangu. Kilichofuata, hata mimi niliyekuwepo naona kama nasimuliwa.

Siku hiyo nilikuwa na miadi hospitali, na hata mkwe wangu aliijua. Nina kansa ya ulimi. Kabla hawajanikata, watafiti walitaka kunipiga picha ndani ya mashine ya MRI nikiongea na nikiimba, waone ulimi unavyocheza na ubongo unavyoutuma. Maneno yale yale, mara niyaseme, mara niyaimbe. Baada ya kukatwa wangerudia, ili wajue wanifundishe vipi kuongea upya.

"Sikuachi hapa peke yako," nikamwambia binti yangu. "Twende wote."

Pale hospitali, msichana aliyeendesha mashine alimtazama mwanangu mdomoni. Akatoka, akarudi na barafu kwenye kitambaa. Sijaisahau barafu ile.

Kisha akatuuliza maswali yake. Mashine ile ni sumaku kubwa, haizimwi hata wakati haifanyi kazi, kwa hiyo chuma hakiingii mle. Je, kuna aliyewahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni?

"Labda mume wangu," binti yangu akajibu, akijaribu kucheka na mdomo ule. "Anasaga vyuma bila miwani. Moja ilimwingia jicho la kushoto, akasema hospitali ni ya waoga."

"Basi huyo asivuke mlango huu. Itamtembea humo humo jichoni."

Tukavua hereni, saa, vibanio vya nywele. Binti yangu akavua na pete ya ndoa. Vyote vikabaki nje ya mlango, kwenye trei ya plastiki. Yeye akaruhusiwa kukaa nami ndani, anishike mguu nisiogope.

Nikalazwa, nikawekewa mto chini ya magoti na kioo kidogo juu ya macho. Kwenye kioo niliona miguu yangu, mwanangu, na mlango. Mashine ikaanza kugonga kama mafundi bati wenye haraka. Nikaimba wimbo niliomlazia mwanangu huyo huyo alipokuwa mchanga.

Katikati ya ubeti, mlango ukafunguka.

Mkwe wangu. Spana kubwa mkononi, ina damu. Mlinzi alikuwa amelala nje, kichwa kimepasuliwa.

"Kaka, usiingie! Chuma hicho!" Msichana wa mashine alimng'ang'ania shati. Akala kiwiko cha pua, akadondoka.

Mashine ikanyamaza, nikasikia kila neno.

"Umeivua pete yangu!" Kumbe ameiona kwenye trei. "Kumbe una bwana! Leo utanijua!"

"Ni masharti ya mashine, mume wangu! Tumevua wote!"

"Masharti! Na mama yako naye kavua kwa masharti?"

Mlango ulikuwa ule mmoja tu. Binti yangu akaniangukia miguuni, akaficha kichwa.

Mkwe wangu akasogea, akainua spana.

Haikushuka.

Ilikwenda upande. Mkono ukaifuata, mwili ukaufuata mkono. Ikapita juu ya goti langu na kujibamiza kwenye mdomo wa mashine, gwaa! Vidole vyake vilikuwa katikati. Nilisikia mifupa ikivunjika kama kuni kavu.

Akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu. Nikadhani ni vidole.

Mkono wa pili ulikuwa umeshika jicho la kushoto. Damu ilichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Ile chembe ilikuwa imeamka.

Msichana wa mashine, pua yake inavuja damu, akabonyeza kitufe cha dharura cha kuiua sumaku. Halafu, mkinisadiki msinisadiki, kitambaa kile kile cha barafu akamfunika nacho jicho mtu aliyemvunja pua.

Mlinzi alipona. Mkwe wangu alifungwa jela, amebaki na jicho moja. Picha yangu wanayo: ulimi mzima unapanda na kushuka kwenye wimbo, halafu ghafla unaganda.

Siku ile trei iliporudishwa, binti yangu alivaa hereni, akavaa saa, akabana nywele. Pete akaiacha.

Wajukuu zangu, sumaku haiko katika kila nyumba. Unayepigwa, usingoje spana iruke yenyewe. Na wewe unayesikia kijiko kikigonga kikombe kabla ya alfajiri, usijifunike shuka. Amka uwashe taa.

Juzi nilikwenda kumwona mkwe wangu gerezani. Tangu wanikate ulimi naongea kama nina ugali wa moto mdomoni, lakini alinielewa. Nilimpelekea sabuni na fulana.

"Njoo tena, mama," akasema. "Njoo naye."

Nikatikisa kichwa.

Akainamisha jicho lake moja, akazikunja fulana.

"Basi njoo hata peke yako."